Metali moja ikiifukuza nyingine: mwongozo kamili wa kukokotoa uzito

Mkulima wa kahawa aliyezoea kupulizia mrututu, yaani salfeti ya shaba, anajua kwamba dawa ile haichanganywi kwenye ndoo ya chuma. Ikoroge kwa panga, liache panga humo dakika kumi, utalitoa limevaa wekundu. Wekundu huo si kutu, ni shaba. Sehemu ya chuma cha panga imeyeyukia majini, na shaba iliyokuwa imeyeyuka majini imetoka ikakaa mahali pake.

Sasa ni chuma kiasi gani kimeingia majini, na ni shaba kiasi gani imetoka? Katika madaftari niliyosahihisha, jibu linalojitokeza mara nyingi ni "gramu moja kwa gramu moja", maana mlinganyo wa kemia wa tukio hilo unaonyesha Fe (chuma) moja na Cu (shaba) moja. Jibu hilo si sahihi, na kosa lake ndilo mzizi wa karibu makosa yote ya hesabu hizi. Mlinganyo wa kemia hausemi lolote kuhusu gramu. Unahesabu atomu.

Atomu huhesabiwa, gramu hupimwa

Nenda duka la vifaa vya ujenzi. Muuzaji hakuhesabii misumari, anakupimia kilo. Kilo ya misumari ya inchi mbili ina misumari mingi kuliko kilo ya misumari ya inchi nne. Fundi ambaye kazi yake inataka msumari mdogo mmoja kwa kila mkubwa mmoja, akinunua kilo kwa kilo, ile midogo itambakia mkononi. Akitaka itoshane, lazima ajue uzito wa msumari mmoja wa kila aina, abadili kilo kuwa idadi, kisha arudi tena kwenye kilo.

Hesabu yetu yote ni hiyo. Tofauti ni kwamba atomu ni ndogo mno, hivyo tunazihesabu kwa fungu kubwa liitwalo moli. Moli moja ni atomu 6.02 × 10²³. Uzuri wa fungu hili ni kwamba uzito wake kwa gramu unalingana na namba ya uzito wa atomu unayoiona kwenye jedwali la elementi. Moli moja ya chuma ni gramu 56. Moli moja ya shaba ni gramu 63.5. Idadi ya atomu ni ileile, uzito tofauti. (Vitabu vya fizikia huita kipimo hiki tungamo. Hapa nitatumia uzito, kama tunavyosema mbele ya mizani.)

Namba tutakazotumia: H (haidrojeni) 1, O (oksijeni) 16, Mg (magnesi) 24, Al (alumini) 27, S (salfa) 32, Fe (chuma) 56, Cu (shaba) 63.5, Zn (zinki) 65.4, Ag (fedha) 108. Ukipewa namba nyingine kwenye mtihani, tumia za mtihani.

Kwanza jiulize kama kuna mmenyuko

Usianze kukokotoa kabla ya kujua nani ana nguvu ya kumfukuza nani. Kuanzia mwenye nguvu kushuka: potasiamu, sodiamu, kalisi, magnesi, alumini, zinki, chuma, risasi, shaba, fedha, dhahabu. Aliye juu humfukuza aliye chini kutoka kwenye chumvi yake, kama vile salfeti au nitreti. Zinki itaing'oa shaba kwenye salfeti, lakini shaba haiwezi kuing'oa zinki. Ukiulizwa ni gramu ngapi za chuma zitapatikana kwa kutumbukiza shaba kwenye salfeti ya chuma, jibu ni sifuri, na hakuna hesabu ya kufanya.

Kuna mambo mawili safu hiyo haikuambii. Potasiamu, sodiamu na kalisi ukizitia kwenye mmumunyo (maji yenye chumvi iliyoyeyuka) huanza na maji yenyewe, kwa hiyo si za kutumia hapa. Na alumini, japo iko juu ya chuma, imevaa ngozi nyembamba ya oksidi inayoikinga; iweke kwenye mrututu mtupu utaona kama haisikii. Ongeza chumvi ya mezani kidogo na ngozi ile itatoboka, mmenyuko uanze.

Hatua zenyewe, kwa mfano mmoja

Nina gramu 10 za mrututu, yale mawe ya buluu. Nataka kujua chuma kiasi gani kitatosha kuitoa shaba yote, na shaba hiyo itakuwa gramu ngapi.

Andika mlinganyo na uusawazishe:

Fe + CuSO₄ → FeSO₄ + Cu

Atomu moja ya chuma, shaba moja. Umesawazika wenyewe.

Badili gramu ulizonazo kuwa moli. Hapa ndipo wengi huteleza, kwa sababu mrututu wa mawe ya buluu si CuSO₄ peke yake. Kila kipande kimebeba maji ndani yake: CuSO₄·5H₂O. Maji hayo yanapimwa pamoja nao kwenye mizani, kwa hiyo lazima yaingie kwenye hesabu:

63.5 + 32 + (4 × 16) + (5 × 18) = 249.5

Moli za mrututu = 10 ÷ 249.5 = 0.0401

Ukisahau maji utagawa kwa 159.5, utapata moli 0.0627, na kila jibu litakalofuata litakuwa kubwa kupita kiasi kwa zaidi ya nusu. Ukinunua dukani, soma pia kibandiko: wakulima huita mrututu dawa kadhaa zenye shaba, na si zote ni salfeti.

Pita kwenye uwiano wa mlinganyo. Moja kwa moja, kwa hiyo moli 0.0401 za mrututu zinahitaji moli 0.0401 za chuma na zitatoa moli 0.0401 za shaba. Hatua hii hapa inaonekana kama haina kazi. Usiiruke. Tukifika kwenye fedha na alumini utaona inavyobeba hesabu nzima.

Rudi kwenye gramu:

Chuma = 0.0401 × 56 = gramu 2.25
Shaba = 0.0401 × 63.5 = gramu 2.55

Kwa hiyo kila gramu moja ya shaba hugharimu gramu 0.88 za chuma, yaani 56 ÷ 63.5. Uwiano huu umetumika kazini kwa karne nyingi. Uchina wakati wa enzi ya Song walipitisha maji ya asili yenye salfeti ya shaba juu ya vipande vya chuma, wakakusanya shaba. Rio Tinto, Hispania, vyuma chakavu vilitumika vivyo hivyo kwenye maji yaliyotoka mgodini. Ila katika kazi ya namna hiyo chuma kinacholiwa huzidi 0.88, kwa sababu maji ya mgodi yana asidi na ayoni za Fe³⁺ (atomu za chuma zilizopoteza elektroni tatu), na zote mbili hula chuma bila kutoa shaba hata chembe. Hesabu inakupa kiwango cha chini kabisa. Mgodi unadai nyongeza yake.

Mizani inapotoa ushahidi kuhusu mlinganyo

Sehemu hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na nasikitika kwamba mara nyingi hupitwa haraka darasani.

Chuma kina tabia mbili. Kinaweza kupoteza elektroni mbili kikawa Fe²⁺, au tatu kikawa Fe³⁺. Nilipoandika FeSO₄ hapo juu, nilijuaje? Ningeweza kuandika:

2Fe + 3CuSO₄ → Fe₂(SO₄)₃ + 3Cu

Nao umesawazika vizuri. Kwenye karatasi, milinganyo yote miwili ni halali. Anayeamua ni mizani.

Chukua gramu 1.40 za unga wa chuma, yaani 1.40 ÷ 56 = moli 0.025. Weka mrututu wa kuzidi ili chuma kiishe chote. Kama mlinganyo wa kwanza ni wa kweli, tutapata moli 0.025 za shaba, gramu 1.59. Kama ni wa pili, kila chuma mbili zinatoa shaba tatu, kwa hiyo 0.025 × 1.5 = moli 0.0375, gramu 2.38. Tofauti ya 1.59 na 2.38 ni kubwa kiasi kwamba hata mizani ya kawaida ya shule haiwezi kuikosa. Fanya jaribio kwa uangalifu na utaangukia karibu na 1.59. Chuma kimekuwa Fe²⁺, na hukulazimika kuambiwa na mtu.

Mrututu wa kuzidi ni kiasi gani? Moli 0.025 × 249.5 = gramu 6.24 ndizo zinazotosha barabara. Weka gramu 8 na uwe na amani.

Kulifanya jaribio lenyewe

Yeyusha mrututu kwenye maji ya moto ndani ya bika ya kioo, ukitumia maji ya kutosha kufunika vizuri, kama sentimita za ujazo 50. Tia unga wa chuma kidogo kidogo huku ukikoroga kwa kijiti cha kioo. Ukimwaga wote kwa mpigo, chembe za juu huvikwa shaba na kukifungia chuma ndani. Hakimenyuki tena, lakini kinapimwa kama shaba. Msumari mzima una tatizo hilohilo kwa ukubwa zaidi, ndiyo maana haufai kwa jaribio hili. Ukikosa unga wa chuma, stilwaya ya kusugulia sufuria, ile isiyo na sabuni, ikikatwa vipande vidogo sana huweza kusaidia.

Buluu itafifia, haitaisha, maana umeweka mrututu wa kuzidi. Kama mmumunyo umepoteza buluu yote, simama: mrututu umeisha kabla ya chuma na hesabu yako haitasimama. Ongeza mrututu.

Acha shaba itue chini. Mimina maji ya juu polepole, kisha ongeza asidi ya salfuriki iliyozimuliwa kidogo na ukoroge. Asidi hiyo hula chuma kilichobaki na kuiacha shaba kama ilivyo. Osha kwa maji safi mara mbili au tatu, mara ya mwisho kwa spiriti ili ikauke upesi. Spiriti ikiwa karibu, moto uwe umezimwa.

Kukausha ndiko kunakoharibu matokeo ya wengi. Shaba iliyo unga ikipashwa moto mkali hushika oksijeni na kuwa oksidi nyeusi. Ikigeuka yote, gramu 63.5 zinakuwa 79.5, ongezeko la robo nzima. Kausha kwa joto dogo, juu ya mvuke wa maji yanayochemka kwa mfano, pima, kausha tena, pima, mpaka vipimo viwili vifuatane vikiwa sawa. Wekundu ukiingiwa na weusi, andika hivyo kwenye ripoti yako.

Tuseme umepata gramu 1.43. Asilimia ya mavuno ni (1.43 ÷ 1.59) × 100, yaani 90 hivi. Ukipata zaidi ya 100 usifurahi: shaba ina maji, au ina oksidi, au ina chuma ndani yake.

Mrututu ni sumu. Usitumie chombo cha kupikia, nawa mikono, na mabaki usiyamwage kwenye mfereji unaoelekea mtoni, maana huua samaki.

Kipi kitaisha kwanza?

Maswali mengi hukupa kiasi cha vitu vyote viwili. Kazi ya kwanza ni kujua kipi kinawahi kuisha, kwa sababu hicho ndicho kinachopanga kiasi cha mazao.

Gramu 2.00 za zinki zimetiwa kwenye sentimita za ujazo 50 za salfeti ya shaba yenye ukolezi wa moli 0.5 kwa lita.

Zinki: 2.00 ÷ 65.4 = moli 0.0306
Salfeti: 0.5 × (50 ÷ 1000) = moli 0.025

Uwiano ni moja kwa moja, salfeti ni chache, salfeti itaisha. Shaba ni 0.025 × 63.5 = gramu 1.59. Zinki iliyotumika ni 0.025 × 65.4 = gramu 1.64, iliyobaki ni gramu 0.36. Jihadhari na mazoea ya kutazama kipi kina gramu chache au namba ndogo ya moli. Uwiano usipokuwa moja kwa moja, mwenye moli nyingi anaweza kuwa ndiye wa kwanza kuisha. Gawa moli za kila kimoja kwa namba iliyo mbele yake kwenye mlinganyo. Atakayetoka na jibu dogo ndiye anayeisha.

Kipande cha metali kinapobadilika uzito

Hili ndilo swali linalotisha watahiniwa, na halistahili kutisha. Kipande cha shaba cha gramu 5.00 kimetumbukizwa kwenye nitreti ya fedha. Kinatolewa baadaye, fedha imekishika, na kipande sasa kina gramu 6.525. Fedha ni kiasi gani?

Cu + 2AgNO₃ → Cu(NO₃)₂ + 2Ag

Kosa ni kusema fedha ni gramu 1.525. Hapana, kwa sababu wakati fedha inapanda, shaba inashuka. Namba 1.525 ni tofauti ya vyote viwili. Fikiri kwa moli moja: moli moja ya shaba ikiondoka, kipande kinapoteza gramu 63.5, moli mbili za fedha zikija, kinapata gramu 216. Faida halisi ni 216 − 63.5 = gramu 152.5 kwa kila moli ya shaba.

Moli za shaba zilizoondoka = 1.525 ÷ 152.5 = 0.010
Shaba iliyoondoka = 0.635
Fedha iliyokuja = 0.020 × 108 = gramu 2.16

Hakiki: 5.00 − 0.635 + 2.16 = 6.525. Imerudi ilipoanzia. Hakiki kila mara namna hii, inachukua sekunde chache.

Sasa onyo ambalo silioni likitolewa mara nyingi. Fanya vivyo hivyo kwa zinki kwenye salfeti ya shaba. Kipande kinapoteza 65.4 na kupata 63.5, hasara ya gramu 1.9 kwa moli. Lakini ukitumia Zn 65 na Cu 63.5, hasara ni 1.5. Ukitumia Zn 65 na Cu 64, hasara ni 1. Ukiukaribisha uzito wa atomu kidogo tu, jibu linabadilika karibu mara mbili, kwa sababu unatoa namba mbili zinazokaribiana. Popote utakapotoa uzito wa atomu mmoja kutoka mwingine, usikaribishe namba kabla ya mwisho.

Metali inapofukuzwa bila maji: moto wa reli

Metali hufukuzana hata katika oksidi kavu. Mjerumani Hans Goldschmidt alipata hataza mwaka 1895 ya mmenyuko wa unga wa alumini na oksidi ya chuma, na mpaka leo namna hiyo huunganisha reli: chuma kilichoyeyuka humiminwa kwenye pengo kati ya vipande viwili.

2Al + Fe₂O₃ → Al₂O₃ + 2Fe

Usijaribu hili popote. Joto lake linayeyusha chuma, na maji hayauzimi, huzidisha hatari. Hesabu yake, hata hivyo, ni mazoezi mazuri mno.

Mchanganyiko una gramu 300 za alumini na gramu 800 za oksidi ya chuma. Alumini ni 300 ÷ 27 = moli 11.1. Oksidi ni 800 ÷ 160 = moli 5. Gawa kwa namba za mlinganyo: alumini 11.1 ÷ 2 = 5.56, oksidi 5 ÷ 1 = 5. Oksidi inaisha. Chuma ni 5 × 2 = moli 10, gramu 560. Alumini iliyotumika ni moli 10, gramu 270, imebaki 30. Oksidi ya alumini ni 5 × 102 = gramu 510.

Jumlisha: 560 + 510 + 30 = 1100. Ulianza na 300 + 800 = 1100. Hakuna gramu iliyopotea, na kama ingepotea, ungejua kosa liko kwenye hesabu yako.

Mawili ya kufanya mwenyewe

Msumari wa chuma wa gramu 6.00 umekaa kwenye mmumunyo wa mrututu. Umekaushwa, sasa una gramu 6.06. Tafuta shaba iliyoushika.

Gramu 0.48 za magnesi zimetiwa kwenye sentimita za ujazo 100 za salfeti ya shaba yenye ukolezi wa moli 0.15 kwa lita. Tafuta shaba na magnesi inayobaki.

Majibu. Msumari: faida kwa moli ni 63.5 − 56 = 7.5, kwa hiyo moli 0.008, shaba gramu 0.508, chuma kilichoondoka gramu 0.448. Magnesi: moli 0.020 dhidi ya 0.015, salfeti inaisha, shaba gramu 0.953, magnesi inayobaki moli 0.005, gramu 0.12. Ukilifanya hili la pili kwa mikono utaona mapovu. Hayo ni haidrojeni: mmumunyo wa mrututu una uasidi kidogo, na magnesi huushambulia pia. Magnesi utakayoipima itakuwa pungufu ya gramu 0.12, na upungufu huo si kosa la hesabu, ni kiasi cha magnesi kilichotumika kutoa mapovu.